Kompyuta Ishirini, Imeji Moja: Namna ya Kuandaa Mashine za Ofisi kwa Mkupuo

Ofisi imenunua kompyuta ishirini. Zimeletwa na kirikuu, zimepangwa ukutani, na bosi anataka Jumatatu kila mtu awe mezani kwake anafanya kazi. Ukisema uzipige Windows moja moja, hesabu ni hii: Windows yenyewe nusu saa, masasisho saa moja au zaidi kutegemea mtandao wako, kisha Office, kivinjari, kisomaji cha PDF, printa, antivirasi. Nusu siku kwa mashine moja si makadirio ya mvivu. Zidisha mara ishirini, halafu kumbuka kwamba kila mashine itapakua upya masasisho yale yale kwa bando lile lile.

Mafundi wana njia nyingine. Unaandaa mashine moja, tuiite kompyuta mama, mpaka ikamilike, unachukua diski yake nzima kama ilivyo, kisha unaimwaga kwenye mashine nyingine zote. Nakala hiyo ndiyo imeji. Ndani yake mna Windows, programu, mipangilio, mgawanyo wa patisheni na hata ile sehemu ndogo ya mwanzo inayoiwasha kompyuta. Mazoea haya yana umri. Programu ya Ghost, iliyobuniwa New Zealand na Murray Haszard katikati ya miaka ya 1990 na kununuliwa na Symantec mwaka 1998, ndiyo iliyoieneza kazi hii maofisini duniani kote. Norton Ghost ilisitishwa mwaka 2013, lakini fundi aliyeanza kazi zamani huenda bado anatumia jina hilo.

Ninachokipendekeza leo ni Clonezilla. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inatengenezwa Taiwan na inatosha kwenye flashi ya bei ndogo. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inanakili sehemu za diski zenye data tu. Diski ya GB 256 yenye Windows na programu za kawaida inaweza kuzaa imeji ya chini ya GB 20. Uso wake haupendezi: skrini ya maandishi, visanduku vya menyu, na unatembea kwa mishale ya kibodi bila kipanya. Anayeogopa skrini za namna hiyo atumie Rescuezilla, ambayo ina vitufe vya kubofya na inasoma imeji za Clonezilla bila shida.

Kunakili kwenyewe ni kazi nyepesi. Kunafanyika huku unakunywa chai. Kinachomtofautisha fundi na mbabaishaji ni anachokifanya kabla ya kuchukua imeji na anachokifanya baada ya kuimwaga. Kosa lililomo kwenye kompyuta mama hutalirekebisha mara moja, utalirekebisha mara ishirini, tena kwa kutembea meza hadi meza.

Kwanza, zikague mashine zenyewe

Panga kompyuta kwa aina. Kama ni mpya za modeli moja, una bahati. Lakini ofisi nyingi zetu hununua mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, na mzigo mmoja unaweza kuchanganya vizazi. Dell OptiPlex 7050 na 7060 ukizitazama kwa nje ni kama ndugu wa tumbo moja. Ndani, 7060 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 ambayo Windows 11 inaikubali, ilhali 7050 ina ya kizazi cha 6 au 7 ambayo haimo kwenye orodha. Na kwa kuwa Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, tofauti hiyo ya tarakimu moja ndiyo inayoamua kama mashine itapewa Windows 11 au itapelekwa kwenye Linux. Fungua kila moja, soma prosesa, andika.

Ukiwa hapo hapo, ingia BIOS ya kila mashine na ulinganishe mambo mawili. La kwanza, zote ziwake kwa UEFI. Imeji iliyochukuliwa kwenye mashine ya UEFI haitawaka kwenye mashine iliyoachwa kwenye mtindo wa zamani wa Legacy. La pili ni namna diski inavyoendeshwa. Dell nyingi hutoka zikiwa zimewekwa kwenye RAID badala ya AHCI. Mashine ya hivyo inaweza kuificha diski yake kabisa Clonezilla isiione, au ikaipokea imeji halafu ikawaka kwa skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Weka AHCI kwenye zote kabla hujaanza lolote. Ukibadilisha baada ya Windows kupakiwa, unaitafuta skrini ile ile ya buluu kwa mkono wako.

Halafu leseni. Hili watu hulikwepa, na ndilo linaloleta aibu siku ya ukaguzi. Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani ni leseni ya mashine ile. Haikupi ruhusa ya kuigeuza imeji na kuisambaza. Haki ya kumwaga imeji moja kwenye mashine nyingi zenye leseni zake huja na leseni za jumla za Microsoft, na ofisi inahitaji kuwa na angalau moja ili ipate toleo la kutumia. Angalia pia kwamba matoleo yanalingana: mashine iliyokuja na Windows Home haitajiwezesha yenyewe ukiimwagia Pro. Zile programu za kuvunja leseni zinazozunguka kwenye flashi za mafundi, usiziguse. Huhitaji mahubiri ya haki miliki kulielewa hilo. Programu inayoomba uzime antivirasi kwanza ndipo ifanye kazi, wewe unaipeleka kwenye kompyuta ishirini za ofisi yenye akaunti ya benki.

Kompyuta mama

Chagua mashine yenye diski ndogo kuliko zote. Madukani SSD huandikwa GB 240, 250 au 256, na mnunuzi huziona sawa. Clonezilla haizioni sawa. Imeji ya diski ya GB 256 itakataliwa na diski ya GB 240 hata kama kilichotumika ni GB 30 tu, kwa sababu kinachopimwa ni ukubwa wa diski, si kilichomo. Kutoka ndogo kwenda kubwa njia ni nyeupe. Wanaojua kutumia kompyuta pepe, kama VirtualBox au Hyper-V, huandaa mama humo, wakaipa diski ya GB 64, wakahifadhi hatua kwa hatua ili likiharibika jambo warudi nyuma. Ni njia bora nikiulizwa mimi, hasa mashine zako zikiwa za modeli tofauti, kwa kuwa mama wa namna hiyo hana draiva za kompyuta yoyote maalum.

Pakia Windows safi. Usichukue kompyuta ya mhasibu inayofanya kazi vizuri ukaifanya mama. Imeji yake itabeba barua pepe zake, nywila alizozihifadhi kwenye kivinjari, taarifa za mishahara na chochote alichodhani amekifuta. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kuzisambaza taarifa za mtu kwenye meza kumi na tisa si kosa la kiufundi tena.

Windows ikimaliza kujipakia itakuuliza uko nchi gani. Usijibu. Bonyeza Ctrl, Shift na F3 kwa pamoja. Kwenye baadhi ya laptopu utahitaji na Fn. Mashine itazima na kuwaka, itakuingiza moja kwa moja kama Administrator, na kidirisha kidogo cha Sysprep, programu ya Windows inayoufuta utambulisho wa mashine kabla ya kuinakili, kitatokea katikati ya skrini. Kifunge. Uko kwenye hali ya ukaguzi, ambayo imetengenezwa kwa kazi hii: unapakia programu na kupanga mambo bila kufungua akaunti ya mtumiaji yeyote.

Weka kile ambacho kila mtu atakitumia: masasisho yote ya Windows, Office, kivinjari, kisomaji cha PDF, draiva za printa ya korido. Programu ya watu wawili waachie watu wawili. Usiingie na akaunti ya Microsoft, usiingie Google, usihifadhi nywila yoyote. Usiiunge mashine kwenye domeni. Na zipo programu ambazo hujipa namba ya utambulisho siku ya kwanza zinapopakiwa: antivirasi zinazosimamiwa kutoka seva moja, na programu za kusaidiana kwa mbali kama AnyDesk na TeamViewer. Ukizipachika kwenye imeji, kompyuta ishirini zitajitambulisha kwa namba moja, na ukitaka kumsaidia mtu wa masijala utajikuta kwenye skrini ya mkurugenzi. Hizo zipakie mwisho, baada ya kumwaga, au fuata maelekezo ya mtengenezaji ya kuifuta namba hiyo kwanza.

Sasa jambo dogo linalosahauliwa karibu kila mahali. Windows ya Kiingereza cha Marekani huandika mwezi kabla ya siku na hudhani karatasi yako ni Letter. Kwetu karatasi ni A4 na siku hutangulia. Matokeo yake ni printa inayokwama ikidai karatasi ambayo haipo ofisini, na ankara ya 05/03 ambayo muuzaji anaisoma Machi tano na kompyuta inaisoma Mei tatu. Usilirekebishe kwenye akaunti ya Administrator ukadhani umemaliza. Mipangilio hiyo ni ya mtumiaji mmoja mmoja, haivuki yenyewe. Iandike kwenye faili la majibu, unattend.xml, ambalo Windows hulisoma inapoamka mara ya kwanza. Humo unaweka UserLocale kuwa en-GB, saa kuwa E. Africa Standard Time, CopyProfile kuwa true ili mipangilio uliyoifanya iwe ya kila mtumiaji mpya, na akaunti ya msimamizi wa mashine. Faili hilo hutengenezwa kwa programu ya Windows System Image Manager inayopatikana bure ndani ya Windows ADK. Nywila ndani yake hazifichwi kwa namna ya kutegemewa, kwa hiyo nywila ya domeni isionekane humo, na faili lifutwe kwenye kila mashine kazi ikiisha.

Sysprep, na kwa nini mjadala wake umefungwa

Kila Windows inapopakiwa hujitungia namba ya utambulisho iitwayo SID. Ukinakili diski bila kuishughulikia, mashine zote zinabaki na SID moja. Kwa miaka mingi mafundi walibishana kama hili lina madhara. Zamani tulikuwa na kijiprogramu cha NewSID cha kuibadilisha. Mwaka 2009 mtunzi wake, Mark Russinovich wa Microsoft, akaandika kwamba baada ya kulichunguza upya suala hilo hakuona madhara ya SID za mashine kufanana, na NewSID ikastaafishwa. Wengi wakasikia nusu ya habari. Waliacha Sysprep kabisa, ingawa msimamo wa Microsoft wa kutaka itumike haukubadilika.

Bili imekuja mwaka 2025. Masasisho ya Windows 11 ya matoleo ya 24H2 na 25H2, na ya Windows Server 2025, yaliyotolewa kuanzia tarehe 29 Agosti mwaka huo, yalianza kukagua SID wakati mashine zinapotambulishana. Zenye SID moja zikaanza kukataana. Dalili zake ukizijua hutapoteza siku: folda ya pamoja kwenye mtandao inaomba nywila tena na tena ingawa ni sahihi, na Remote Desktop inagoma kati ya mashine mbili ambazo jana zilikuwa zinaongea. Microsoft ilithibitisha kwamba chanzo ni imeji zilizomwagwa bila Sysprep, na kwamba dawa ya kudumu ni kuziandaa mashine hizo upya. Yaani ofisi iliyookoa dakika kumi mwaka 2023 sasa inarudia kazi nzima.

Kwa hiyo, kabla ya kuifunga kompyuta mama, fungua Command Prompt kama msimamizi. Andika powercfg /h off ili kuzima usingizi wa diski. Bila hivyo Windows inaweza kuiacha NTFS katika hali ambayo Clonezilla itaikataa. Andika manage-bde -status uone kama BitLocker imejiwasha yenyewe, jambo ambalo Windows 11 za karibuni hulifanya bila kuuliza. Ikiwa imewaka, zima kwa manage-bde -off C: na usubiri hadi iseme Fully Decrypted.

Hapa fanya kitu ambacho wengi hawakifanyi: zima mashine na uchukue imeji ya kwanza sasa hivi, kabla ya Sysprep. Iite mama-kabla. Miezi sita ijayo, utakapotaka kuongeza programu moja na masasisho, utaanzia hapo badala ya kuanza upya.

Kisha rudi ndani na uendeshe amri yenyewe kutoka folda ya C:\Windows\System32\Sysprep:

sysprep.exe /generalize /oobe /shutdown /unattend:C:\unattend.xml

Mara nyingi itagoma mara ya kwanza. Ujumbe wa skrini hausaidii. Fungua faili la setupact.log lililomo kwenye folda ya Panther hapo hapo ndani ya Sysprep na usome mistari ya mwisho. Karibu kila mara utakuta imetajwa programu ya Microsoft Store iliyojisasisha kwa mtumiaji mmoja bila kupakiwa kwa wote. Iondoe kwa Remove-AppxPackage kwenye PowerShell, rudia amri. Ili kupunguza usumbufu huo, zima masasisho ya Store mapema, kabla hujaiunga mashine kwenye intaneti.

Sysprep ikifaulu, kompyuta itazima. Kuanzia dakika hiyo isiwake kwenye Windows mpaka imeji ichukuliwe. Ikiwaka kwa bahati mbaya, itajitungia utambulisho mpya na itakubidi urudie Sysprep.

Kuchukua imeji

Andika Clonezilla kwenye flashi kwa Rufus, au iweke kama faili kwenye flashi ya Ventoy. Chomeka pamoja na diski ya nje ya kuhifadhia, iwe SSD ukiweza. Washa mashine huku unagonga F9 kama ni HP, au F12 kama ni Dell au Lenovo, uchague flashi. Ikikataa kwa sababu ya Secure Boot, izime kwa muda, na uandike mahali kwamba umeizima ili uirudishe.

Menyu zinafuatana hivi: device-image, kisha local_dev kwa diski ya nje, kisha Beginner, kisha savedisk. Utaulizwa jina la imeji. Lile linalopendekezwa ni tarehe tupu. Ongeza lenye maana, kwa mfano win11-ofisi-2026-02. Utaulizwa diski ya kunakili, na hapa usome ukubwa na jina la kiwanda kilichoandikwa pembeni, usikisie kwa sda au nvme0n1. Itakuuliza pia kama ikague imeji baada ya kuihifadhi. Kubali, hata kama inaongeza dakika kadhaa. Imeji mbovu inayogundulika ukiwa kwenye mashine ya kumi na mbili ni msiba.

Kisha imwage kwenye mashine moja tu. Menyu ni ile ile, badala ya savedisk unachagua restoredisk. Clonezilla itakuonyesha diski itakayofutwa na kukutaka uandike y, halafu itakuuliza tena. Mara hizo mbili zimewekwa kwa sababu. Soma kila mara. Mashine ikiwaka, usiijaribu wewe. Mpe mtu atakayeitumia, mhasibu au katibu muhtasi, afanye kazi zake halisi nusu siku: achape risiti, afungue faili kubwa la Excel, atume kiambatisho, askani. Atakuambia printa inatoa karatasi nyuma mbele na kwamba fonti ya barua za ofisi haipo. Rudi kwenye mama-kabla, rekebisha, piga Sysprep tena, chukua imeji mpya. Nusu siku hiyo ndiyo faida yote ya njia hii, na ndiyo ambayo haraka ya Jumatatu huila kwanza.

Kumwaga kwa mkupuo

Mashine zikiwa tano au sita, usihangaike na mtandao. Zungusha diski ya nje, au nakili imeji kwenye mbili. Zikizidi kumi, tumia waya.

Unahitaji swichi ya gigabiti isiyo na mbwembwe, waya za kutosha, na laptopu moja ya kuwa seva. Laptopu naipendelea kwa sababu ina betri. Umeme ukikatika, mashine inayopokea inarudiwa tu. Seva ikizima katikati, zote zinarudiwa. Kama haina tundu la LAN, tafuta adapta ya USB 3.0.

Fanya hesabu kabla ya kukubali swichi yoyote ile. Mtandao wa Mbps 100 hupitisha takriban MB 11 kwa sekunde, kwa hiyo imeji ya GB 18 huchukua dakika 27 kwa mashine moja, na karibu saa tisa kwa mashine ishirini zikifuatana. Gigabiti hupitisha kama MB 110, na mashine moja huchukua chini ya dakika tatu kwenye waya, ingawa kufungua mgandamizo na kuandika kwenye diski huongeza muda. Waya nao huhujumu. Gigabiti inataka nyuzi zote nane. Waya uliofungwa na fundi aliyeunga nne tu utashuka hadi Mbps 100 bila kukuambia. Swichi nyingi huonyesha kasi kwa rangi ya taa. Zitazame kabla ya kuanza, badilisha waya unaotia shaka.

Washa laptopu kwa Clonezilla, chagua lite-server, elekeza kwenye imeji, na uchague multicast. Kwa njia hiyo seva hutuma imeji mara moja na mashine zote huipokea pamoja, kwa hiyo ishirini hazichukui muda mrefu sana kuliko moja. Kasi yao lakini huamuliwa na mashine iliyo goigoi kuliko zote. Ikiwepo moja yenye diski ya zamani ya kuzunguka, itoe kundini uishughulikie peke yake. Swichi ikisumbua kwenye multicast, lipo chaguo la bittorrent, ambalo kwalo mashine hupeana vipande zenyewe kwa zenyewe. Mashine zinazopokea ziwashe kwa mtandao, PXE, au kwa flashi ya Clonezilla ukichagua lite-client. Seva utaiambia isubiri mashine ngapi, au dakika ngapi, kabla haijaanza.

Swichi hii isiunganishwe na mtandao wa ofisi. Seva ya Clonezilla inaweza kugawa anwani za IP yenyewe, na rauta ya ofisi nayo inagawa. Mabwana wawili kwenye nyumba moja: nusu ya ofisi itakosa intaneti, na atakayelaumiwa ni wewe. Wi-Fi kwa kazi hii isahau kabisa.

Ofisi ikivuka mashine hamsini, au ukijua utarudia kazi hii kila muhula kama ilivyo kwenye maabara za vyuo, angalia FOG Project. Ni seva ya kudumu, bure, inayoorodhesha mashine na kuzimwagia imeji kwa ratiba.

Zikishawaka

Kila mashine ipewe jina lake, lisizidi herufi 15: UHASIBU-01, MASIJALA-02. Libandike na kwenye kasha. Mtu akipiga simu kwamba kompyuta yake haifunguki, utajua ni ipi bila kumuuliza rangi ya ukuta. Hakikisha leseni imewezeshwa. Slmgr /xpr itakujibu. Ndipo uunge domeni, upakie antivirasi na programu ya msaada wa mbali, uwashe tena Secure Boot kama uliizima, na BitLocker kwenye laptopu zinazotoka nje ya ofisi.

Nywila ya msimamizi imetoka kwenye imeji, kwa hiyo ni moja kwenye mashine zote. Anayeipata moja amezipata zote. Kama mna domeni, Windows LAPS, ambayo tangu Aprili 2023 imo ndani ya Windows yenyewe, huipa kila mashine nywila yake na kuibadilisha kwa ratiba. Kama hamna domeni, zibadilishe kwa mkono, hata kama inachosha.

Kwenye diski kubwa kuliko ya mama utakuta nafasi iliyobaki haina mwenyewe, na Windows inakataa kuipanua C: kwa sababu patisheni ndogo ya uokoaji imekaa katikati. Usiifute ovyo. Wakati wa kumwaga, ingia Expert badala ya Beginner na uchague -k1, Clonezilla igawanye patisheni kwa uwiano wa diski mpya.

Zile mashine zilizokosa Windows 11 zinaweza kupewa Ubuntu au Linux Mint kwa njia hii hii. Huko hakuna Sysprep, lakini yapo mawili ya kusafisha kwenye mama kabla ya imeji: faili la /etc/machine-id liachwe tupu, na funguo za SSH zilizomo /etc/ssh zifutwe na zitengenezwe upya kwenye kila mashine. Usipolisafisha la kwanza, mashine zinaweza kupewa IP moja na rauta, na utatafuta kosa kwenye waya ambao hauna kosa.

Mwisho hifadhi imeji zote mbili, ya kabla na ya baada ya Sysprep, kwenye diski mbili zinazokaa sehemu mbili. Pamoja nazo weka karatasi yenye tarehe, toleo la Windows, orodha ya programu zilizomo, mipangilio ya BIOS uliyoikuta na uliyoibadilisha. Nywila ya msimamizi isiandikwe kwenye karatasi hiyo. Iwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa mkuu wa ofisi. Sasisha imeji kila baada ya miezi minne hadi sita, maana iliyokaa mwaka mzima itakupotezea kwenye masasisho muda wote ulioupata kwenye kumwaga.